Glavu za Kiwanda cha Ngozi

Hodan mjukuu wangu,

Asalaam aleykum kutoka kwa ayeeyo wako. Mama yako hajambo, na mvua imenyesha. Umeniuliza kama ujiunge na chama cha wafanyakazi huko kiwandani.

Nikiwa msichana nilitia ngozi za mbuzi chumvi kiwandani hapa Garissa. Afisa wa chama alitoka Nairobi, akakutana na wanaume kwenye kibanda cha miraa, ambako mwanamke haingii. Glavu zilipokuja, walipewa wao tu. Tulipolalamika, afisa akasema wanawake wa Kisomali hawakai kazini, watarudi kwa ngamia. Kaka zetu wenyewe wakacheka, huku chumvi ikitula mikono. Hasira hiyo haijanitoka.

Kesho yake tuligoma. Kufikia adhuhuri ngozi zilikuwa zinanuka mpaka sokoni, na glavu zikapatikana.

Jiunge. Lakini kwanza uliza mkutano unafanyika wapi.