Mashine Haibaki Yadini

Jumatatu, 8 Julai 2024
Asubuhi baridi kali. Upepo wa vumbi kutoka upande wa mpaka, jua limetoka lakini halina kazi.

Gari mbili leo, zote nyeusi. Nyeusi ndiyo inayoniua — kila mkwaruzo unaonekana, lazima urudie. Hizi ni zile zinazotoka bandarini Dar kwenda Zambia, na Rabson, mwenye yadi, anataka zing'ae kabla mnunuzi hajavuka kuja kuzichukua. Nilipozima mashine ya kupolishi mkono wa kulia uliendelea kutetemeka ndani kwa ndani, kama nimeushika mlio wa simu. Kidole cha shahada na cha kati vyeupe. Ganzi tupu.

Jioni sindano ya Mama. Ana sukari, na macho yake yana mtoto wa jicho, hawezi kuona mistari kwenye bomba la sindano. Kaka yuko Mbangala na mashamba yake. Kwa hiyo asubuhi na jioni ni mimi. Leo nilisukuma bila kusikia bomba linavyokwenda, nimefuata kwa macho tu. Imepita salama. Mama kauliza mbona mkono wa baridi hivi. Nimesema ni maji ya kuoshea gari.

Jumanne, 9 Julai
Mawingu, baridi ile ile.

Nimeamua kila siku nibadilishe kitu kimoja tu, nione, kama tulivyofanya maabara shuleni. Leo tyubu. Nimekata tyubu ya pikipiki nikaiviringisha kwenye mpini wa mashine, kama tunavyofunga kila kitu huku — jembe, kiti cha baiskeli, bomba linalovuja. Mpira utameza mtikisiko, ndivyo nilivyofikiri.

Ambilikile, anayeosha gari kwa maji ya presha, kanitazama weee. Kauliza, dada Tabita, sasa umeivalisha sweta?

Jumatano, 10 Julai
Upepo umetulia. Baridi haijatulia.

Tyubu imeniumiza zaidi. Mpini umenenepa, vidole havikutani, kwa hiyo nabana kwa nguvu mpaka kiwiko kinauma. Na kubana ndiko kunakoingiza mtikisiko mkononi. Nimeichana kwa wembe. Ambilikile anasema nashika mashine kama nimekamata mwizi, niilegeze, haitakimbia. Alikuwa anatania, ila nimejaribu. Nimelegeza vidole, nikaacha uzito wa mashine wenyewe ufanye kazi juu ya boneti. Afadhali kidogo. Nikapunguza spidi. Nikawa nasafisha sponji ya mashine kila nikimaliza mlango, maana ikijaa polishi kavu inaruka upande mmoja. Afadhali tena. Katikati nazima, nashika kikombe cha chai moto kwa mikono miwili hata kama sinywi.

Jioni nimesikia bomba likisogea chini ya kidole gumba. Kidogo, lakini nimesikia! Nimefurahi peke yangu jikoni.

Alhamisi, 11 Julai
Jua zuri. Gari moja tu, nyeupe. Vidole vimebaki na rangi yake. Mama kala vizuri, kaimba.

Ijumaa, 12 Julai
Baridi imerudi, na umande kwenye vioo vya gari.

Rabson karudi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na sponji mpya. Kubwa kuliko sahani ya mashine, imetokeza pande zote kama chapati kwenye kisosi. Anasema hii inameza mlango mzima kwa kupita mara mbili. Nimemwambia, bosi, hii mashine ni ya sponji ndogo, ukiweka kubwa itayumba. Kanijibu, Tabita, wewe umesoma, lakini mteja wangu hasomi, anasubiri ng'ambo. Hakusema kwa ubaya. Sponji ndogo nimekuta imeshafutiwa matairi, imelowa grisi. Hairudi tena kwenye rangi ya gari.

Nimemwonyesha vidole. Kavitazama kwa muda, kasema nipake dawa ya kuchua. Halafu taratibu kabisa: kama huwezi, sema, getini watu hawakosi. Nimesema naweza. Ningesema nini? Dawa ya Mama inatoka kwenye mashine hiyo hiyo.

Jumamosi, 13 Julai
Upepo ulianza kabla ya jua. Baridi ya kupasua midomo.

Gari tatu nyeusi za mnunuzi mmoja wa Lusaka. Mashine ilikuwa inaruka kama mbuzi kwenye kamba. Ukilegeza inakimbilia kwenye taa, ukibana mtikisiko unapanda mpaka begani. Yote niliyojifunza Jumatano hayakunisaidia kitu. Nimeshika, nimeng'ang'ana, nimemaliza. Mnunuzi kafurahi. "Natotela, mayo," kashukuru kwa Kibemba chao, kaniita mama, kanipa mkono. Niliona mkono wake umeushika wangu. Sikuuhisi.

Jioni nimevuta dawa, nimehakikisha mistari mara mbili. Nimechoma tumboni pake. Sijui nilisukuma saa ngapi. Nilipotazama, bomba lilikuwa tupu na ngozi ya Mama imelowa, na kwenye kidole changu kuna tone la damu. Sindano ilishatoka na kunichoma mimi, nami sina habari. Dawa imeingia yote, au nusu, au imemwagika — sijui. Mama anasema yeye hakusikia tofauti. Kauliza, kwani hujanichoma?

Nimempigia nesi Elizabeti, aliyenifundisha kuchoma. Amesema nisirudie kuchoma kabisa. Kipimo cha sukari kiko zahanati, mpaka asubuhi. Nimpe uji, nilale naye, nimpapase paji la uso kila mara. Nikikuta jasho la baridi, ndiyo sukari imeshuka: maji ya sukari haraka na nimpigie.

Nimempa uji. Nimempapasa. Pakavu? Pamelowa? Nimejipapasa mwenyewe nilinganishe. Sipati kitu. Mkono wa kushoto nao hivyo hivyo. Nimemmulika kwa simu, lakini Mama hupaka mafuta usoni kila jioni, anang'aa siku zote. Mwisho nimeinama nikaweka shavu langu kwenye paji lake. Pakavu.

Mama kaamka, kauliza, unaninusa kama kichanga? Nimesema lala, Mama.

Rabson kaandika: kesho ukitoka ibadani kuna moja ya haraka, nyeusi. Sijajibu.

Nimeweka shavu tena. Kuna unyevu. Nimefuta macho yangu kwanza, nikarudia.

Pakavu. Saa tisa kasoro usiku. Nalala sasa, shavu liko pale pale.