Barua Niliyomdai Shemeji

Mdogo wangu Zaina,

Salaam nyingi kutoka Johannesburg, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Kadi hii naitia kwenye bahasha, maneno yake ni yako peke yako.

Leo mkutano wa wahudumu wa afya ulipopumzika, niliswali msikitini mtaa wa Mayfair, kisha nikala kwenye mkahawa wa Wasomali na Siti, mhudumu mwenzangu kutoka Indonesia. Wali ukaja na ndizi mbivu. Akacheka, "Dada, hii mboga au tunda?" Nikamwambia, "Kula tu, vitajuana tumboni."

Kiingereza chetu cha kuokoteza, lakini nilimwelewa. Kwao wamekubaliana na nchi jirani: mgonjwa wa kifua kikuu akivuka mpaka, nesi wa huku anampigia wa kule, dawa isikatike. "Na ninyi?" akauliza. Nikamkumbuka mumeo.

Zaina, miaka yote unamlaumu nesi wa zahanati yetu kwa kifo chake. Idi aliporudi kutoka huku na kifua kikuu na vidonge vya siku chache, nesi hakumwona kabisa. Mlangoni mwa zahanati, wa kupokea wagonjwa, nilikuwa mimi. Nilimwambia, "Shemeji, bila barua ya hospitali uliyotoka hatukupokei." Akaingoja mpaka dawa zikaisha. Kwako akasema tu, "Wamenikataa." Hakunitaja.

Nikirudi nakuja kwako kwanza, kabla ya kufungua begi. Usiponifungulia, nitakaa barazani. Nibusie wanangu. Mwenyezi Mungu akulinde, na usimlaumu tena yule nesi.

Dada yako,
Mwajuma