Mtihani wa Divine Bafuni, Ruiru

Dada Imakulata,

U mzima? Mjukuu wako Divine ametoka Bujumbura hadi hapa Ruiru kusoma chuo, na bado wanamfundishia chumbani, kwenye kompyuta! Jana alikuwa na mtihani wa kujibu kwa mdomo; angeshindwa, angerudia mwaka. Mvua ikapiga mabati hadi mwalimu akawa hamsikii.

"Ingia bafu, huko juu ni simiti!" akaita jirani, Mama Njoki.

Bafu ni moja kwa ploti nzima. Wapangaji wakamngoja nje na ndoo zao, kimya kabisa. Nimeishi ugenini miaka mingi, sijawahi kuona majirani wakimnyamazia mgeni hivyo. Alipoita kwamba amepita, walishangilia.

"Hongera, mami. Sasa toka, maji yangu inapoa!" akaita mpangaji mmoja mwenye ndoo.

Lala ukicheka, dada yangu.

Kaka yako, Zakaria