Fundi Kiraka na Jicho Kali

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta umekaa, ingawa nakujua, wewe na kukaa hamjawahi kupatana. Goti linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Na wale wasichana unaowasimamia kiwandani, bado wanakuogopa? Waambie mdogo wako alikuogopa miaka kumi na minane na mpaka leo yu hai, anakula vizuri.

Sisi huku wazima. Shangazi ana afya, na ulimi wake una afya zaidi. Cherehani uliyoniachia bado inalia kwenye kanyagio, nami nimeacha kuitia mafuta kwa sababu nimeizoea sauti yake.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia kwa mkono badala ya kupiga. Usiogope, simu haijaibiwa. Iko kwenye mkebe wa vifungo, mkebe uko kabatini, na ufunguo wa kabati anao Shangazi. Nitakueleza ilivyokuwa. Kuna jambo pia nataka kukiri kwako, nimeliweka mwishoni makusudi. Wewe husoma barua ukianzia mkiani. Safari hii nakuomba sana, anzia juu.

Unakumbuka ukurasa wangu ulivyoanza. Nilijirekodi nikitia kiraka suruali ya kinyozi wa mlango wa pili, yule tunayemwita Wembe, huku nikimtania kwamba imechanika kwa unene. Watu wakacheka, wakaomba nyingine. Nikawa Fundi Kiraka. Mwaka haujaisha, wanaonitazama wakawa wengi kuliko wote nitakaowashonea mpaka nizeeke. Raha ilioje! Nilikuwa nashona huku nacheka peke yangu.

Kisha nikaanza kusoma maoni yote, moja baada ya jingine. Watu mia wananisifu, mmoja anasema vidole vyangu kama karoti, na mimi nashinda na huyo mmoja kutwa nzima. Nikawa nashonea simu, sishonei wateja. Sketi ya mtoto wa shule ilikaa wiki mbili kwa sababu nilifumua pindo mara tatu ili lipendeze kwenye picha. Mikono ikaanza kutetemeka. Mzee mmoja nilimshonea suruali nikasahau kuziba mfuko chini. Akatumbukiza funguo zake, zikaenda moja kwa moja kiatuni. Alirudi akichechemea. Wewe ulikuwa ukipiga kuniuliza hali, nami nakujibu kwamba mambo ni moto moto. Nilikudanganya, Dada. Usingizi ulikuwa umenikimbia na chakula nilikiona kama kazi.

Hapo ndipo alipotokea Jicho Kali. Huyo sina haja ya kukuelezea, maana hakuna aliyepambana naye kama wewe. Alisema viraka vyangu vinafanana na bandeji, akasema nirudi kushona matambara ya kudekia. Nawe ulimpa vidonge vyake, bila maji. Ulimwuliza kama amewahi kushona hata kifungo kimoja maishani, au mashati yake huyafunga kwa mate. Wateja wangu walisoma majibu yako kwa sauti hapa dukani, mbavu zikawauma. Na mimi nikacheka nao, huku moyoni nikiumia kwa sababu utakayoiona.

Siku moja Wembe alikuja kuchukua koti lake. Akakaa kwenye kigoda ananitazama nikimalizia kifungo cha mwisho. Nilipomaliza akaniambia kwamba kwa kifungo hicho kimoja nimeshika simu mara saba, amehesabu. Nikakasirika, nikamwambia akanyoe watu. Hakuondoka. Alinieleza kwamba yeye naye, ule mwezi aliofunga ukurasa wake wa mitindo ya nywele akatuambia simu imeharibika, simu ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimechoka ni kichwa chake. Alikuwa akienda kwa mshauri nasaha pale kituo cha afya. Kila Jumatano wanakaa pale wenzetu wanaojirekodi: yeye, mama mmoja anayefundisha hesabu mtandaoni, na mchekeshaji mmoja ambaye akishaingia ndani hasemi kitu. Nikamwambia mimi si mwendawazimu. Akasema hata yeye si mwendawazimu, ila mgongo ukichoka mtu hutibiwa na hakuna anayemcheka.

Nikaenda. Mshauri ni binti mdogo kuliko mimi, na siku ile pindo la mkono wa blauzi yake lilikuwa limefumuka. Nilishindwa kuvumilia, nikamwomba nilishone tukiwa tunaongea. Alikubali. Katikati ya maongezi akaniomba nitazame mikono yangu. Ilikuwa imetulia, Dada. Machozi yakanitoka palepale na sindano mkononi. Akaniambia basi kazi yangu bado inanipenda, tuondoe tu makelele. Tukapanga: nirekodi Jumanne na Alhamisi pekee, mlio wa simu uzimwe, nikitaka kupumzika nipumzike bila kumweleza mtu, na maoni yasomwe kwanza na mtu ninayemwamini.

Sasa nani mwingine kama si Shangazi? Mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na miwili! Aliipokea kazi kama amepewa shule nzima. Akanunua daftari na kalamu nyekundu, na simu akaifungia kwenye mkebe kabatini, nami naipata Jumanne na Alhamisi tu ninaporekodi. Kila alasiri anavaa miwani, anasoma, na yanayofaa anayanakili: sifa, maswali, na makosa niliyoelekezwa kwa adabu. Matusi ananichujia, kisha anayajibu mwenyewe. Mtu akiandika kwamba nina sura mbaya, Shangazi anamwuliza kama amekula mchana. Kijana mmoja alimwaga matusi marefu, Shangazi akamwagiza ayaandike upya kwa heshima na ayalete kesho yake. Wallahi akayaleta, na kuomba radhi juu! Siku hizi wapo wanaokuja kwenye ukurasa kumwamkia Shangazi tu, viraka hawavitazami.

Jicho Kali naye alijibiwa. Lakini yeye Shangazi hakumtania. Alimwandikia kwamba mtu anayesema maneno kama haya kila asubuhi kuna mahali panamuuma, kwamba anamwona kama mwanawe aliyechoka, apumzike, na siku akiwa tayari aje wanywe chai.

Dada, kama umesimama tafuta kiti. Jicho Kali ni mimi.

Akaunti ile niliifungua kwa siri ili nijitetee bila kujulikana. Kisha kuna wiki watazamaji walipungua, nikaingiwa na hofu, nikaandika tusi moja kwenye video yangu mwenyewe, kwa mzaha, ili pachangamke. Ukaruka wewe kama umechomwa na mwiba. Watu wakagawanyika, wengine kwako wengine kwake, na video ikasambaa kuliko zote. Nikarudia. Mwanzoni nilikuwa nayatunga. Baada ya muda nikagundua siyatungi tena, yanakuja yenyewe. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka niliandika ninavyojiona, nikabonyeza, nikaenda kushona. Na wewe unanipigania kwa nguvu zako zote, ukimwambia Jicho Kali kwamba hastahili hata kuokota uzi miguuni pa mdogo wako, nami nayasoma hayo kama niliyetukanwa. Nikayaamini. Nilikuwa sina pa kusimama.

Shangazi alijua mapema. Kwenye video ya lile koti la kijani, Jicho Kali alicheka uzi wa bluu uliotumika ndani ya bitana. Koti lilionekana kwa nje tu. Ya ndani niliyajua mimi peke yangu niliyeshona.  Wiki mbili nzima Shangazi aliendelea kuyajibu maneno ya zamani ya Jicho Kali kwa upole kila siku, nami niko chumba cha pili sina habari. Alhamisi moja nilipewa simu nirekodi, nikachungulia, nikakuta ule mwaliko wa chai. Nililia mpaka uzi ukaniponyoka. Kisha nikaenda jikoni kumweleza. Nikamkuta amemimina vikombe viwili. Akasema alikuwa anajiuliza mgeni wake atafika lini.

Tulikunywa ile chai, Dada. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba angemshika mtoto mwingine akiniambia maneno yale angemchapa, sasa amchape nani?

Wenzangu wa Jumatano nimewaambia, na yule mchekeshaji alifungua mdomo kwa mara ya kwanza, akasema hata yeye ana Jicho Kali wake. Jumanne nitawaambia wanaonifuata, Shangazi atanishikia simu. Wakiondoka nusu, sawa. Nalala vizuri, mikono imetulia, na mfuko wa yule mzee nimeuziba bure, na suruali nimempigia pasi.

Uliyebaki ni wewe. Miezi miwili umegombana kwa ajili yangu, ukaumwa kichwa kwa ajili yangu, na mtu uliyekuwa unamtafuta umpige alikuwa mdogo wako. Nisamehe. Ukikasirika, kasirika, ila kasirika ukiwa umekaa, kwa sababu ya goti.

Nina ombi moja. Akaunti ya Jicho Kali nitaifunga Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Majibu yako yote bado yapo pale, na hakuna hata neno moja zuri aliloambiwa na wewe. Kabla hajaondoka mwandikie palepale neno moja, kama ambavyo ungeniandikia mimi. Siku hiyo Shangazi atanifungulia mkebe, nami nitalisoma mwenyewe.

Shangazi anakusalimu, anasema goti ulikande kwa maji ya moto na uache ubishi. Wembe anakusalimu pia, anasema ile ya kufunga shati kwa mate ameiandika ukutani. Wabusu watoto, mwamkie Shemeji. Barua hii anaileta mteja wangu anayekuja huko kikazi; usimwache aondoke mikono mitupu, mpe jibu.

Ni mimi mdogo wako,

Fundi Kiraka, na yule mwingine