Maziwa ya Hekalu la Ba

Campbelltown, Jumanne, 14 Juni 2016

Yaani wiki nzima nimekuwa nikieneza uongo kuhusu hekalu la watu.

Ba, mama mzee wa Kihindi ninayemhudumia, alikulia Kisumu, kwa hiyo tunaongea Kiswahili. Kiingereza hana. Mjukuu wake Priya hana kingine, ndiyo maana aliniomba nimwandikie hadithi ya lile hekalu la kale la kijijini kwao India. Ba akanisimulia, nami nikaandika kwamba lilijengwa palipokutwa jiwe takatifu lenye maziwa. Kwa Kiingereza nikaweka maziwa yale ya kuvulia samaki.

Priya ameisoma darasani. Amechora na bata wakiogelea.

Leo, nikimchana Ba nywele, nikamuuliza maziwa yale yalikuwa na samaki gani.

"Samaki ya nini? Maziwa ya ng'ombe. Ng'ombe nakwenda porini, narudi hapana maziwa. Watu nafuata, naona namwagia jiwe yote."

Niliona aibu. Niliudhika pia, maana Kiswahili chake hicho kingemchanganya yeyote. Nikamwambia Ba kwamba Priya ataufuta ule mchoro.

Ba akaomba auone. Akapitisha kidole kwenye maji, taratibu, hadi mwisho wa karatasi.

"Hapana futa. Kijiji yetu kavu sana. Kama iko maji kama hii, baba yangu hapana kuja Kenya."

Hadithi nitaiandika upya, yenye ng'ombe. Mchoro nimeubandika alipotaka, kando ya miungu yake.