Mkono Wangu Siyo Parachichi

Mjukuu wangu Tumaini, mke mwenzangu,

Kamwene. Najiitikia mwenyewe, maana simu umeizima: kamwene. Anayeniandikia ni Mama Rehema, mke wa mzee wa kanisa. Nimemwambia asiruke neno. Huku Kichiwa baridi imeshuka na ukungu wake, mbuzi kazaa pacha, mmoja ana doa... haya, Mama Rehema ananikazia macho.

Unakumbuka corona ilipofunga chuo chenu kule Njombe mjini? Ulikuja na begi lako, ukasimama kwenye mianzi ya uani. Nimenyoosha mkono nikusalimie, wewe wako umeuficha nyuma. "Bibi usinisogelee, nimetoka mjini." Nililia mimi. Kwetu mtu akikunyima mkono ana neno na wewe. Wiki mbili unakula mlangoni kama mgeni!

Halafu ile miezi. Wenzako wa zamani walijifunzia wodini, kwa watu. Wewe unapanda kilimani kutafuta mtandao, usome kwenye simu, ukirudi unadunga maparachichi yangu sindano ya maji. "Hili gumu ni kijana. Hili lililoiva ni wewe, Bibi." Na mimi bila kujua nikayachanganya kwenye kreti. Wakala anayeyanunua akarudi mbio: "Mama, maparachichi yako yana matundu, mdudu gani huyu?" Nikamwambia, "Mdudu wa chuo cha uuguzi!" Tulicheka mpaka ukakaa chini.

Ila jioni yake ulisema, "Bibi, nipe mkono nitafute mshipa tu. Parachichi halina mshipa." Nikakuondokea. "Mkono wangu siyo parachichi." Ukaenda kuosha vyombo. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Maana chuo kilifunguliwa, mkasomeshwa mbio mbio, sasa mmepelekwa wodini huko Makambako, na watu wanakohoa. Juzi ulinipigia unalia. Umemchoma mama mmoja mara tatu, mshipa hukuupata, akakusukuma: "Niitieni nesi wa kweli." Ukasema, "Bibi, naacha." Toka hapo simu imezimwa. Mara nawaza ugonjwa umekukuta, mara nawaza umeshafunga begi umekwenda nisikokujua. Gari likisimama barabarani nachungulia. Na mkono wako uliokosa mshipa, mimi ndiye niliyeunyima pa kujifunzia.

Sasa sikia. Wanasema chanjo ya corona inachomwa hapo hospitalini kwenu. Muuguzi wa zahanati yetu kaniita, nimekataa, nimemwambia nina wangu. Kacheka. Barua hii nampa kondakta aitangulize. Jumatano nakuja mwenyewe na gari la asubuhi. Nitakaa kwenye benchi na barakoa yangu, nitavua sweta, na sinyanyuki mpaka uje wewe. Mkubwa wako asimame pembeni aangalie, sawa. Ukitetemeka, tetemeka, nitakungoja. Ukikosea, rudia.

Ila uwepo, Tumaini. Usinifichie mkono kama siku ile kwenye mianzi. Wangu huu hapa nauleta.

Mimi bibi yako, lile lililoiva.

Kuandika sijui, ila hicho kidole hapo chini nimekitia mwenyewe.