Kwa Nini Lemburis Hakuja Kumzika Baba

Kijenge,
S.L.P. 7714,
ARUSHA.
9 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Anna,

Shikamoo. Na takwenya pia, maana najua huko Songea hupati mtu wa kukusalimu kwa lugha ya nyumbani. Nyonga inaendeleaje? Mwanao Agnela aliniambia sasa unakwenda jikoni na kurudi kwa fimbo moja tu, tukamshukuru Mungu. Usijilazimishe, wala usikubali kubebeshwa ndoo. Sisi hapa ni wazima, ila baridi ya mwezi huu imetushika vibaya. Mlima umejifunika, wiki nzima hatujauona.

Mama yuko kwangu tangu tulipoanua matanga. Anakula kidogo. Kila asubuhi, kabla ya chai, anauliza kama simu ina chaji.

Shangazi, nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu inakusumbua masikio, na jambo hili sitaki ulisikie nusu. Nimeambiwa umeletewa habari kwamba Lemburis alikataa kuja kumzika baba yetu. Wewe ndiye dada wa marehemu, una haki ya kukasirika. Naomba tu usome kwanza.

Unakumbuka kaka yangu alivyokwenda Dar es Salaam kusomea injini za meli, tukamcheka kwamba Mwarusha anakwenda kuchunga maji. Alipata kazi kwenye meli ya mizigo. Mwaka jana meli hiyo ilitia nanga nje ya bandari moja ya nchi ya mbali, na mwenye meli akatoweka. Hapokei simu, haleti chakula wala mafuta, mishahara ndiyo usiseme. Serikali ya kule ikaizuia meli kwa sababu ya madeni yake. Wenzake wakarudishwa kwao mmoja mmoja. Lakini sheria ya kule inataka meli isiachwe bila mtu, isije ikang'oka ikagonga nyingine, na mahakama ikamwandika Lemburis kuwa mlinzi kwa kuwa ndiye anayeijua injini. Pasi yake wanayo wao. Amebaki yeye na mpishi mmoja mzee, Mfilipino. Taa za mji anaziona kila siku, na hawezi kwenda.

Mama hili halijamwingia hadi leo. "Si ashuke tu?" ananiuliza. "Kama mji anauona, si aombe mtumbwi ashuke?" Nimemweleza mpaka sauti imekauka kwamba akishuka bila kibali ni jela.

Ukweli huu wote hatukuupata kwake. Yeye alikuwa anatuambia yuko salama, kazi tu ni nyingi. Siku moja ikaingia namba ngeni, sauti ya mama mtu mzima.

"Wewe ndiye Sinyati? Mimi naitwa Violet, kwetu ni Taveta ila nimeolewa huku. Nimetoka kumwona kaka yako. Ni mzima, lakini anakunywa maji ya mvua."

Violet yumo kwenye chama cha hisani kinachowasaidia mabaharia waliokwama. Wanachangishana makanisani na kwa watu wenye moyo, wanakodi boti, wanawapelekea maji, mboga, dawa na vocha za simu. Hakutuomba chochote. Siku nyingine, anasema, anakaa naye tu wakazungumza Kiswahili, maana alimkuta kijana wa watu amekaa muda mrefu bila kukitamka hadi maneno yanamtoka kwa kusitasita.

Basi baba alipofariki, nilimpigia Violet kwanza, ili Lemburis asiipokee habari akiwa peke yake. Mwanasheria wa chama akaenda mahakamani kumwombea ruhusa ya kuja kuzika. Wakaambiwa atafutwe kwanza mlinzi mwingine mwenye cheti cha injini. Hakupatikana. Lemburis akanipigia. Hakulia, Shangazi. Aliniuliza, "Sinyati, mimi nitatupa nini kaburini? Humu hakuna hata punje ya udongo. Ni chuma tu."

Siku ya maziko Violet alipanda melini na ndoo ya udongo aliouchimba bustanini kwake. Alikuja na mchungaji, na mabaharia wa meli za jirani ambao hata hawakuwa wanamjua Lemburis. Pale nyumbani Olmotonyi mimi nilisimama karibu na kaburi, simu nimeiinua juu. Mchungaji wetu aliposema mavumbi kwa mavumbi, tukawasikia kule wanaimba, kila mtu kwa lugha yake, na Lemburis akaita kwa nguvu, "Baba, pokea!" Alikuwa ameuchota kwa mkono akaumwaga majini. Nami nikachota wangu, kisha nikachota tena kwa niaba yake.

Ndipo Baba Mkubwa Yoeli alipowaka. "Maziko si ya kwenye simu!" alisema mbele ya watu wote. "Huyo ni baharia, na mabaharia tunawajua." Vijana wakacheka. Unajua siku hizi mtaani baharia ni jina la mwanamume wa kurukaruka na wanawake. Mama aliinamisha kichwa. Kwenye kikao cha ukoo Baba Mkubwa akaongeza kwamba Lemburis asitajwe kwenye mgawo wa ng'ombe wala shamba mpaka aje mwenyewe kuomba radhi. Aje vipi, Shangazi? Kila upande wa mlango wake ni maji.

Nilimfuata Baba Mkubwa kwake na kilo za sukari. Alinisikiliza vizuri, hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, neno nililolisema mbele ya wazee sina pa kulirudishia. Labda dada yangu Anna aseme, hapo nitapata pa kupitia." Nilimwona naye amenaswa na mdomo wake mwenyewe. Ndiyo maana nakuomba umwambie. Mwambie kwa sauti ya dada, siyo ya ugomvi.

Juzi Violet alipiga tena. Walipata kibali cha kumshusha Lemburis kwa mchana mmoja kwenye nyumba yao ya mabaharia bandarini. Alioga maji ya moto, akala ugali, akatazama mpira na wenzake. Anasema alikuwa akitembea ameshikilia ukuta, kwa jinsi ardhi ilivyomyumbisha. Jioni askari akamrudisha melini. Kesi imeahirishwa, na mahakama inaingia likizo. Chama kimesema hakitamwacha, nami nawaamini. Ila Lemburis ameomba tumtumie kitu kimoja: mbegu za mnavu, apande kwenye ndoo.

Nimezinunua sokoni Kwa Mrombo. Ziko mezani hapa ninapoandika. Mama alipouliza ni za nini nilimwambia ni za jirani. Mtu anayeomba mbegu, Shangazi, hategemei kutoka kesho. Nikizituma, nitakuwa nimekubali kwamba atakuwa bado yuko pale wakati wa kuchuma. Nisipozituma, yeye na yule mzee wataendelea kula wali mtupu. Nimezifunga, nimezifungua, nimezifunga tena. Nikienda posta na barua hii nitazituma.

Nisalimie Agnela na wanawe, na majirani wote wanaokupikia. Mama anakusalimu sana. Baba Mkubwa naye anakusalimu, ingawa hakunituma.

Mungu aliyekuinua kitandani azidi kukushika mkono, na yule aliye majini asimwachie.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kupungua,

Sinyati